Mapokeo si Ukale: Wasia wa Nyumbani na Uzembe wa Uhakiki

Utangulizi

Kuna sentensi moja ambayo imeandikwa mara nyingi mno katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya, hata haimlazimu tena anayeiandika kufikiri. Sentensi hiyo husema kuwa kazi fulani "inaonyesha mgongano kati ya ukale na usasa". Hupatikana katika miongozo ya vitabu teule vya shule za upili, katika insha za wanafunzi wa shahada ya kwanza, katika tasnifu za uzamili, na hata katika makala ya wasomi ambao wangepaswa kuwa wameichoka zamani. Mhusika akiwa mzee, yeye ni ukale. Akiwa kijana aliyesoma, yeye ni usasa. Nyanya akisimulia, anahifadhi ukale. Mjukuu akipanda basi kwenda Nairobi, amekumbatia usasa. Kazi inayombakia mhakiki ni kutangaza mshindi, naye humtangaza kulingana na majira: katika miaka ya uzalendo mshindi huwa ni mila, katika miaka ya maendeleo mshindi huwa ni shule.

Makala haya yanapinga kanuni hiyo. Hoja yake ni kwamba mapokeo ya familia ni tendo la kupokezana, na tendo hilo daima hufanywa na watu waliomo ndani ya mabadiliko, mara nyingi kwa sababu ya mabadiliko hayo hayo. Anayekitazama kilichopokewa bila kulitazama tendo la kukipokea hawezi kukielewa, awe anakusudia kukitukuza au kukilaani. Uhakiki wa "ukale na usasa" umefanya kosa hilo kwa muda mrefu, na hasara yake haiishii katika kurasa za majarida. Unawafundisha vijana kuyaona majumba walimolelewa kama mahali pasipo na fasihi.

Lugha yenyewe imekwisha kutoa ushahidi, lau wahakiki wangeisikiliza. Mila, ada na jadi ni maneno yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu. Desturi asili yake ni Kiajemi. Yote manne hutaja kitu kilichopo tayari: njia, kawaida, ukoo uliotangulia. Mapokeo, kwa upande wake, ni neno lililochipuka kutokana na kitenzi pokea, na kitenzi hicho hakikamiliki pasipo watu wawili, mmoja anayetoa na mwingine anayenyoosha mkono. Neno hilo halitaji umri wa kitu. Kilichotungwa jana, mama akampa mwanawe leo, ni mapokeo. Kilichotungwa miaka mia tatu iliyopita na kufungiwa sandukuni bila mtu wa kukipokea kimekoma kuwa mapokeo, hata kikisifiwa namna gani.

Wasia uliotungwa katikati ya misukosuko

Hapana kazi inayoonyesha udhaifu wa kanuni ya mgongano waziwazi kuliko Utendi wa Mwana Kupona. Katika madarasa mengi utendi huu hutajwa kama kielelezo kikuu cha "ukale": sauti ya mama wa jadi anayemfunza bintiye utiifu katika ulimwengu uliotulia, ambamo kila mtu alijua mahali pake. Mhakiki anayesema hivyo hajajiuliza utendi huo ulitungwa lini wala na nani.

Ulitungwa mwaka 1858. Mtunzi wake, Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, ambaye alikuwa amefariki mwaka 1856. Bwana Mataka alitumia miaka mingi ya utawala wake kuupinga ufalme wa Zanzibar. Majeshi ya Seyyid Said yalikwenda kuishambulia Siyu katika miaka ya 1840 yakarudi yameshindwa. Seyyid Said mwenyewe alifariki mwaka huo huo wa 1856, na kabla ya muongo uliofuata kumalizika Siyu ilikuwa imekwisha kuinama mbele ya Zanzibar. Kwa hiyo utendi huu ni kazi ya mjane mgonjwa, katika mji uliotoka vitani na ambao ulikuwa karibu kupoteza uhuru wake, akizungumza na binti aliyeondokewa na baba. Utulivu ambao wahakiki huuona humo ni utulivu wa bahari ya utendi, ambayo kina chake cha mwisho hakibadiliki. Maisha yaliyokuwa nyuma yake hayakuwa matulivu hata kidogo.

Zaidi ya hayo, mtunzi anaeleza katika beti zake sababu ya kutunga. Anasema kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima na kwamba katika muda huo hakupata nafasi ya kumwambia mwanawe neno jema. Utendi unaanza kutokana na deni. Mama ameona kwamba mazungumzo ya kila siku, ambayo kwayo binti angejifunza taratibu jikoni na barazani, yamekatizwa. Anajua kwamba huenda yasirudi. Kwa hivyo anayatafutia njia nyingine. Njia hiyo ni ushairi ulioandikwa. Anamwita Hashima asogee, alete wino na karatasi. Mama ananena, binti anaandika.

Tendo hili hupitwa upesi mno na wahakiki. Binti huyu, ambaye anachorwa katika uhakiki kama chombo kinachojazwa mafunzo, ana kalamu mkononi. Anajua kusoma na kuandika, na wasia haufiki popote bila mkono wake. Mama naye anautaja wasia huo kwa mfano wa kidani cha lulu na marijani ambacho atamtungia mwanawe na kumvika shingoni. Kitenzi tunga kinabeba maana zote mbili kwa wakati mmoja: kutunga shanga na kutunga shairi. Mali ya siku ya harusi imegeuzwa kuwa maneno, na maneno hayo yamepewa thamani ya mali. Kuelekea mwisho, mtunzi anawageukia wanawake wote na kuwataka wausome. Kilichoanza kama siri ya chumba cha mgonjwa kinapewa ruhusa ya kutoka nje na mwenye chumba mwenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba bahari aliyoichagua haikuwa bahari ya mambo ya nyumbani pekee. Utendi ulikuwa umezoeleka kwa visa vya vita na vya mitume. Utendi wa Tambuka, unaosimulia vita dhidi ya Herekali, ni wa mwaka 1728. Mwana Kupona alikitwaa chombo hicho kikubwa akakiweka kando ya kitanda chake, ili kibebe habari za adabu, ulimi, usafi, ndoa na dua ya mama kwa wanawe. Huko ni kubuni, na kulifanyika ndani ya mapokeo, kwa ajili ya familia, wakati dunia ilipokuwa inabadilika. Kanuni ya mgongano haina nafasi ya kuliweka jambo hilo, kwa sababu mtunzi amesimama pande zote mbili za mstari ambao mhakiki ameuchora.

Anwani iliyogeuza wasia

Je, ilikuwaje wasia wa mama kwa binti ukasomwa kama sheria ya mume kwa mke? Jibu moja limo katika historia ya uchapishaji wake. Alice Werner aliuchapisha utendi huu kwa mara ya kwanza mwaka 1917. Mwaka 1934 yeye na William Hichens waliutoa tena kama kitabu nchini Uingereza, na safari hii wakaupa anwani ya Kiingereza iliyosema kwamba hayo ni mashauri ya Mwana Kupona kuhusu wajibu wa mke. Wahariri hao walifanya kazi kubwa ya kuisoma na kuinakili miswada, na haifai kuwanyima heshima hiyo. Hata hivyo, anwani yao iliuminya utendi. Mwana Kupona anamtajia mwanawe radhi tano anazopaswa kuzitafuta: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Mume ni wa tano. Ni kweli kwamba sehemu inayomhusu ni ndefu na yenye maagizo mengi, lakini utendi unafunguliwa kwa wito wa mama na kufungwa kwa dua ndefu ya mama, na mume hayuko katika mazungumzo hayo. Wanaozungumza ni wanawake wawili.

Tangu hapo mjadala umeendeshwa juu ya anwani badala ya utendi. Upande mmoja wamesimama wanaousifu utendi kwa kuwafunza wanawake heshima. Upande wa pili wamesimama wanaoulaumu kwa kuendeleza taasubi ya kiume. Wote wawili wameafikiana juu ya jambo la msingi, kwamba hii ni kazi kuhusu mume. Ann Biersteker alipochapisha makala yake mwaka 1991, akitaka utendi huo uangaliwe upya kwa kuzingatia uhusiano wa lugha, ushairi na mamlaka, alifungua mlango ambao wahakiki wa hapa nchini walistahili kuwa wa kwanza kuupitia, kwa kuwa wanawafahamu akina mama wanaozungumza hivyo. Wengi wao wamebaki nje ya mlango huo, wakirudiarudia lawama au sifa walizozikuta katika miongozo.

Lawama iliyo halali

Mtetezi wa mapokeo asiyekubali kwamba kuna lawama zilizo halali ni mlaghai. Mwana Kupona anamwagiza bintiye asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Agizo hilo haliwezi kusafishwa kwa hoja ya kwamba kila zama zina mambo yake. Watumwa nao walikuwapo katika zama hizo, na haielekei kwamba walilipenda. Familia hupokezana adabu na hupokezana daraja pia. Humfunza mtoto namna ya kusalimu na humfunza nani asiyestahili salamu. Methali isemayo "Mwacha mila ni mtumwa" hutumiwa kila siku kuwatia haya vijana wanaohoji mambo ya wazee wao. Wanaoitumia husahau kwamba mtumwa wa Pwani hakuiacha mila yake. Alinyang'anywa pamoja na wazazi wake na jina lake, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Methali hiyo inamlaumu aliyeibiwa.

Aidha, hapana budi kukubali kuwa maagizo mengi kuhusu mume, yakichukuliwa kama amri kwa mwanamke wa leo, hayana utetezi. Mwanafunzi wa kike anayeyasoma na kukasirika hakosei.

Hata hivyo, kanuni ya mgongano haina la kufanya na hasira hiyo isipokuwa kuiita "usasa" na kuiwekea alama. Haioni kwamba kukataa nako ni sehemu ya kupokea. Mwenye kupokea gunia la mtama huupepeta kabla ya kuupika. Hakuna aliyewahi kumwita mpepetaji adui wa mtama. Mwanafunzi huyo ameushika wasia mkononi, ameusoma hadi alipofika kwenye agizo asilolikubali, na amejua kwa nini halikubali. Yuko karibu zaidi na Hashima mwenye kalamu kuliko yule anayeusifu utendi bila kuusoma. Asiyepokea chochote hana cha kukataa. Huyo atapokea kutoka kwingine, na mara nyingi pasipo kupepeta. Ndiyo maana ya methali ya pili, ambayo ina hekima kuliko ya kwanza: "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu."

Nyumba zisizo na wasia

Kutokana na methali hiyo yafaa kuzirudia riwaya mbili ambazo zimeteseka sana mikononi mwa kanuni ya mgongano. Ya kwanza ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Ya pili ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980. Katika kila moja kuna baba mkali, kuna binti anayezuiliwa, na kuna maangamizi au maporomoko yanayofuata pindi binti anapoupata uhuru. Mhakiki mzembe ameshazimaliza zote mbili kwa mkupuo mmoja: Zakaria ni ukale, Rosa ni usasa, Maksuudi ni ukale, Maimuna ni usasa.

Lakini je, Zakaria wa Ukerewe anashika mila gani? Ni mlevi, na nyumba yake imezoea fimbo kuliko maneno. Anamkataza Rosa kuwa na uhusiano wowote na wavulana na kumwadhibu vikali, lakini hamwambii lolote ambalo lingemsaidia kuyaelewa mwenyewe mambo hayo. Rosa anapofika mbali na fimbo hiyo hana neno lolote la nyumbani la kumwongoza, kwa sababu hakuwahi kupewa. Kuanguka kwake hakukutokana na wingi wa mapokeo. Kulitokana na ukosefu wake, huku mahali pa mapokeo pakiwa pamechukuliwa na hofu.

Maksuudi naye ni mtu wa mjini mwenye mali na tamaa ya cheo cha kisiasa. Anamfungia Maimuna ndani, na anaufanya utawa uonekane kuwa heshima ya ukoo. Utawa wa jadi, pamoja na ubaya wote unaoweza kutajwa juu yake, ulikuwa na watu ndani yake: mashangazi, masomo, makungwi, wanawake waliomfunza msichana mambo ambayo baba hakuyajua. Maksuudi amekibakisha kifungo, akaziondoa sauti. Nyumba yake ni mfano wa mila iliyotolewa roho, mila ambayo mwenye nguvu hubaki na sehemu inayomfaa na kuliita baki hilo urithi. Maimuna anapotoroka na kutumbukia katika ulevi na kuuzwa kwa mwili, riwaya haisemi kwamba jadi imeshindwa na usasa. Inasema kwamba nyumba hiyo haikuwa na jadi tena, ilikuwa na kufuli.

Tofauti kati ya Mwana Kupona na mababa hawa wawili ni ya kimsingi, na kanuni ya mgongano imeifuta kwa kuwapanga wote watatu upande mmoja. Mama mgonjwa wa Siyu anamwita mwanawe karibu na kumweleza sababu. Mababa wa riwaya wanakataza na kunyamaza. Mhakiki anayewaita wote "wahusika wa ukale" amewapa Zakaria na Maksuudi heshima wasiyostahili, na wakati huo huo amewadhulumu akina mama wote waliosema na watoto wao.

Nyanya na mjukuu

Ikiwa ushahidi wa karne ya kumi na tisa unaonekana kuwa wa mbali, upo wa karibu zaidi. Mwaka 1972 Utendi wa Mwana Kupona ulichapishwa jijini Nairobi pamoja na Utendi wa Ngamia na Paa. Majina mawili yalikuwa juu ya kitabu hicho: Amina Abubakar Sheikh na Ahmed Sheikh Nabhany. Walikuwa nyanya na mjukuu. Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alilelewa katika ushairi na nyanya yake, ambaye alikuwa mshairi. Wasia uliotoka kwa mama kwenda kwa binti ulikuwa umefika kwa mjukuu wa kiume, na mjukuu huyo aliona ni haki jina la aliyempa liandikwe.

Kitabu hicho na kile cha mwaka 1934 vina utendi ule ule, lakini njia zake ni mbili tofauti. Cha kwanza kiliutoa utendi nyumbani na kuupa anwani ngeni. Cha pili kiliutoa nyumbani pamoja na nyumba yake. Katika idara zetu, ni kipi kati ya hivyo viwili kinachotajwa zaidi? Wanaofundisha wanajua jibu, na jibu hilo linapasa kuwaaibisha.

Yaliyofuata katika maisha ya Nabhany yanaibomoa kanuni ya mgongano kabisa. Mjukuu huyu aliyejazwa tungo za kale hakuishia kuwa mlinzi wa kaburi. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, na Umbuji wa Mnazi, iliyochapishwa mwaka 1985, aliyaweka ndani ya beti majina ya sehemu za chombo cha baharini na za mti wa mnazi, maneno ya mafundi na wakulima ambayo vijana walikuwa wameanza kuyasahau. Tena akautumia msamiati huo wa kale kuyapa majina mambo mapya. Yeye ndiye anayetajwa kuwa aliunda neno runinga, kwa kuunganisha rununu, habari isikikayo kutoka mbali, na maninga, neno la kale la macho. Chombo ambacho kila mhakiki hukitaja kama nembo ya usasa kinaitwa, kila jioni katika taarifa ya habari, kwa neno lililotokana na hazina ya washairi wa Pwani. Ukale uko wapi hapo, na usasa uko wapi?

Wala jambo hili si la Waswahili wa Pwani peke yao. Miongoni mwa Waluo wa Siaya, watoto, hasa wasichana, walifunzwa usiku katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa pim. David William Cohen na E.S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichotoka mwaka 1989, wameonyesha kwamba pim mara nyingi hakuwa wa ukoo wa watoto hao. Alikuja na maarifa ya kutoka nje ya boma. Mlezi wa mapokeo ya nyumba alikuwa mgeni. Familia zilijua zamani kwamba mapokeo yasiyoingiwa na hewa ya nje huvunda, na zikajiwekea utaratibu wa kuyaingiza. Ni wahakiki waliokuja baadaye wakadai kuwa kila cha nje kilikuja na shule na reli.

Waabudu makavazi

Wapo wasomi watakaosema kwamba lawama hizi haziwahusu, kwa kuwa wao wanayathamini mapokeo na wanayahifadhi. Nao pia wanastahili kuulizwa maswali. Kuhifadhi kumekuwa neno tukufu kiasi kwamba hakuna anayeuliza kinachohifadhiwa ni nini. Miswada mingi ya Lamu, Pate na Siyu imekwisha kutoka katika makasha ya familia na kuingia katika maktaba za Dar es Salaam, London na Ujerumani. Bila J.W.T. Allen na wenzake mingi ingeliwa na mchwa na unyevu, na ukweli huo ni lazima usemwe. Lakini maktaba huhifadhi karatasi. Haihifadhi mahadhi ambayo kwayo mama aliusoma utendi, wala ubeti aliouruka kwa makusudi mbele ya watoto, wala maelezo aliyoyatia katikati, wala kicheko. Haihifadhi uhusiano ambao ndio uliokuwa sababu ya utungo kuwapo.

Mhifadhi na mpinzani wa mila wameshiriki dhana ile ile. Wote wawili huamini kuwa mapokeo ni kitu. Mmoja anataka kitu hicho kiwekwe ndani ya kioo, mwingine anataka kitupwe. Kwa wote wawili familia ni ghala tu, na wanafamilia ni walinzi wa ghala ambao, kitu kikishachukuliwa, hawana kazi tena. Ndiyo sababu mtafiti huweza kumrekodi bibi kizee kwa saa sita, akarudi chuoni, akaandika tasnifu yenye jina la kila mwananadharia wa Ulaya na ambamo bibi huyo ni "mhojiwa namba 4".

Hitimisho

Hakuna mhakiki awezaye kuziamuru familia ziendelee kupokezana. Shule za bweni humchukua mtoto sehemu kubwa ya mwaka; kazi huwatenga wazazi na wazazi wao; katika nyumba nyingi za mijini nyanya na mjukuu hawana lugha moja wanayoimudu sawasawa. Haya ni mambo mazito na hayatatuliwi na makala. Lakini uhakiki unaweza kuacha kuyapa udhuru. Kila mara unapomwambia kijana kwamba alichokiacha nyumbani ni "ukale", unampa ruhusa ya kutokirudia, na ruhusa hiyo inatoka kwa watu wanaolipwa kuilinda fasihi.

Yapo mambo matatu ambayo idara ya fasihi inaweza kuyafanya pasipo kungoja fedha za mfadhili. La kwanza ni kuikataa sentensi ya mgongano katika insha na tasnifu mpaka mwandishi aonyeshe nani alimpa nani, nini, lini na kwa sababu gani. La pili ni kuwatuma wanafunzi kufanya utafiti katika nyumba zao wenyewe kabla ya kuwatuma kwingineko, na kuutahini utafiti huo kwa ukali ule ule unaotumiwa kwa riwaya, pamoja na kuwaruhusu wayapinge waliyoyapokea. La tatu ni kuyaandika majina ya waliotoa, kama Nabhany alivyoliandika jina la nyanya yake mwaka 1972, iwapo wenyewe wataridhia.

Mwana Kupona alikuwa na mwaka mmoja wa maradhi nyuma yake na hakujua amebakiwa na muda gani. Alichokitaka kilikuwa wino, karatasi na mtu wa kuandika. Wanafunzi wanaoingia katika idara zetu kila mwaka wanazo kalamu. Wengi wao bado wana mama, na baadhi wana nyanya. Idara iwaulize, kabla ya kuwauliza swali jingine lolote, ni nini walichoambiwa na bado hawajakiandika.